Shimo Lisilofunikwa

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 8:22, 41:25–36, Kutoka 16:22, 23, 21:33, 34, Kumbukumbu la Torati 22:8, 23:12–14, Yeremia 29:7, Mathayo 24:45, 46, Luka 13:1–5, 16:10, 21:11, Yohana 9:1–3, Ufunuo 22:1, 2.

Fungu la Kukariri: Mithali 22:3. Darasa lote lilisome kwa sauti, kisha kila mshiriki alieleze kwa maneno yake mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja. Kilishuka na misafara kutoka bara kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, na kutoka hapo kikavuka bahari pamoja na abiria wa majahazi. Dk. James Christie, tabibu kutoka Uingereza aliyekuwa akiishi Zanzibar, aliifuatilia njia hiyo kituo kwa kituo na kuieleza katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1876. Maelfu ya watu walikufa, wengi wao wakiwa watumwa na maskini. Mwaka 1871, ugonjwa ulipokuwa umepita, misheni ya Kianglikana ya UMCA ilinunua shamba huko Mbweni, kusini mwa mji, ili watumwa walioachwa huru wapate mahali pa kuishi. Kanisa la Mtakatifu Yohana na magofu ya shule ya wasichana ni kumbukumbu ya siku hizo hata leo.

Mbweni ya sasa imejengwa sana. Ipo ufukweni, karibu na uwanja wa ndege, na nyumba mpya na za zamani zimekaa bega kwa bega. Lakini maji yake hayajabadilisha tabia. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji hushuka kutoka ua mmoja kwenda ua wa pili bila kuuliza nani ni Mwislamu, nani ni Mkristo, nani ana pesa na nani hana. Kilichobadilika ni mvua yenyewe na joto linalotangulia mvua. Somo la juma hili linauliza jambo moja: mtu aliyekwisha kuonywa kwamba hatari inakuja, anadaiwa nini na Mungu kwa ajili ya jirani yake?

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato inayokuja.

JUMAPILI
Miezi Minne ya Onyo

Soma Mwanzo 41:25–36. Mungu alimwonyesha Farao nini kuhusu miaka iliyokuwa inakuja? Yusufu alishauri nini kifanyike kabla ya miaka hiyo kufika?

Farao alitaka kujua maana ya ndoto tu. Hakuomba ushauri wa kazi. Hata hivyo Yusufu, alipomaliza kueleza maana, hakunyamaza. Aliendelea moja kwa moja kwenye maghala, wasimamizi na kiasi cha nafaka kitakachowekwa. Kwake, kufunuliwa kwa hatari na kujiandaa kwa ajili yake yalikuwa jambo moja. Mungu haonyi ili watu waogope tu. Anaonya ili watu wapate muda.

Zanzibar nayo imepewa muda. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa kulinganisha kumbukumbu za kipindupindu za Unguja na Pemba na kumbukumbu za hali ya hewa. Waligundua kwamba joto likipanda kwa nyuzi 1 ya selsiasi, baada ya miezi 4 wagonjwa wa kipindupindu huongezeka mara mbili. Mvua ikizidi kwa milimita 200, baada ya miezi 2 wagonjwa huongezeka kufikia mara 1.6. Kwa maneno mengine, joto la kaskazi likizidi mwezi wa Januari, hesabu yake inaweza kuja kudaiwa Mei, katikati ya masika.

Sababu zake zinaeleweka. Kijidudu cha kipindupindu kinaweza kuishi katika maji ya pwani yenye chumvi kidogo, kikiwa kimejishika kwenye viumbe vidogo mno visivyoonekana vizuri kwa macho. Maji yakipata joto, viumbe hivyo huongezeka, na kijidudu huongezeka pamoja navyo. Kisha mvua kubwa hufanya kazi ya pili: hujaza vyoo na makaro, na kuyabeba machafu mpaka kwenye visima. Dunia imekwisha kupata joto la zaidi ya nyuzi 1 tangu viwanda vikubwa vilipoanza. Bahari inayopiga ufukwe wa Mbweni ni sehemu ya dunia hiyo.

Soma sasa Mwanzo 8:22. Wako waumini wanaolitumia fungu hili kusema kwamba hali ya hewa haiwezi kubadilika, kwa kuwa Mungu ameahidi majira hayatakoma. Lakini ahadi ni kwamba majira hayatakoma. Haisemi kwamba masika yatakuja kila mwaka kwa kiasi kile kile na tarehe ile ile. Farao wa siku za Yusufu aliishi baada ya ahadi hiyo, naye aliona miaka saba ya njaa. Ahadi ya Mungu ilisimama, na maghala yalihitajika vilevile.

Tafakari: Mtabiri wa hali ya hewa akitangaza mvua kubwa, kwako hiyo ni habari tu au ni wito wa kufanya kitu? Ni kitu gani ulichokifanya mara ya mwisho uliposikia tangazo la namna hiyo?

JUMATATU
Sheria ya Mwenye Shimo

Soma Kutoka 21:33, 34 na Kumbukumbu la Torati 22:8. Katika kila moja ya sheria hizi, mwenye mali anadaiwa nini, na kwa nini?

Katika sheria ya kwanza, mtu amechimba shimo au amelifunua, akaliacha wazi. Ng'ombe au punda wa jirani ametumbukia akafa. Mwenye shimo hakumsukuma mnyama yule. Huenda alikuwa amelala. Hata hivyo sheria ya Mungu inamtaka alipe. Katika sheria ya pili, anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukuta mdogo kandokando ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Hakuna aliyeanguka bado. Ukuta unajengwa kwa sababu mtu anaweza kuanguka.

Mafundisho ni wazi. Mbele za Mungu, kosa si lile tu linalofanywa kwa mkono. Kuna kosa la kuacha wazi kitu ambacho mtu alijua kinaweza kuua.

Soma Kumbukumbu la Torati 23:12–14. Israeli waliagizwa kuwa na mahali nje ya kambi, kuwa na kifaa cha kuchimbia, na kufukia. Sababu inayotolewa ni kwamba Bwana mwenyewe hutembea katikati ya kambi. Usafi wa choo uliwekwa pamoja na utakatifu, katika fungu moja.

Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana matundu na nyufa, na maji hupita ndani yake upesi kuliko yanavyopita kwenye udongo mzito. Basi mtu akichimba karo la maji machafu bila kulijengea vizuri, na jirani ana kisima upande wa chini, umbali wa juu ya ardhi haumwambii ukweli wote. Wakati wa kiangazi hakuna dalili. Maji ya kisima ni meupe na hayana harufu. Masika yakija, karo hujaa, machafu hupata njia, na mtoto wa jirani anakunywa kutoka kwenye ndoo iliyooshwa vizuri kabisa.

Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street huko London, Dk. John Snow alionyesha kwamba waliokuwa wakifa kwa kipindupindu walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Mpini wa pampu hiyo uliondolewa. Baadaye iligunduliwa kwamba kulikuwa na shimo la maji machafu lililovuja karibu na kisima cha pampu. Shimo ambalo hakuna aliyeliona lilikuwa limeua mamia ya watu.

Afrika Mashariki imeonja jambo hilo mara nyingi. Mwaka 1997, mwaka ulioishia na mvua kubwa za El Niño, Tanzania iliandikisha zaidi ya wagonjwa 40,000 wa kipindupindu. Agosti 2015 ugonjwa ulizuka Dar es Salaam, na mwezi uliofuata ukavuka kuingia visiwani. Kufikia katikati ya mwaka 2016 Zanzibar ilikuwa imeandikisha zaidi ya wagonjwa 4,000, na makumi walikuwa wamekufa. Aprili 2016 shule zilifungwa kwa muda. Mama aliyekuwa akiuza urojo ili apate ada alikuta biashara imekatazwa na mtoto yuko nyumbani. Karo moja lililofurika huzama ndani ya maisha ya watu wengi ambao mwenye karo hawajui hata kwa majina.

Tafakari: Kama sheria ya Kutoka 21:33, 34 ingesomwa leo uani kwako, ni “shimo” gani ungetakiwa kulifunika kabla ya mvua?

JUMANNE
Maji Ndani ya Kifuu

Soma Luka 16:10 pamoja na Kutoka 16:22, 23. Uaminifu katika jambo dogo una uhusiano gani na utaratibu wa kila juma ambao Mungu aliwapa Israeli jangwani?

Mwaka 1870, kipindupindu kikiwa bado kinasumbua, Unguja ilipatwa na homa nyingine iliyowaumiza watu viungo vyote. Dk. Christie aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na wako wataalamu wanaodhani kwamba jina la homa ya dengue, linalotumika dunia nzima, limetokana na maneno hayo ya Kiswahili. Wengine, wakizitazama dalili alizozieleza, wanaona huenda ilikuwa chikungunya, homa iliyotambuliwa rasmi miaka ya 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, na ambayo jina lake ni la Kimakonde, likimaanisha hali ya kujikunja kwa maumivu. Magonjwa yote mawili huenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana.

Mbu huyu hahitaji bwawa. Anatosheka na maji yaliyomo katika kifuu cha nazi, kopo, tairi la gari, sahani ya chungu cha maua au pipa lisilo na kifuniko. Mayai yake hugandishwa ukutani mwa chombo, nayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji. Kwa sababu hiyo mvua nyingi humsaidia, na ukame nao humsaidia. Maji ya bomba yakikatika, watu huweka maji ndani katika mapipa na ndoo, na mbu hupata nyumba. Joto likipanda, safari ya kutoka yai hadi mbu mzima hufupika ikawa kama siku saba hadi kumi.

Malaria nayo hufuata mvua, ingawa mbu wake ni wa jamii nyingine. Zanzibar imefanya kazi kubwa tangu mwaka 2003 kwa dawa mpya, vyandarua na kupulizia dawa majumbani, hata malaria ikashuka mpaka kuwa ugonjwa wa watu wachache. Lakini mafanikio hayo hayakuuondoa mlango. Yalimweka mlinzi mlangoni. Mlinzi akisinzia katika mwaka wa mvua nyingi, ugonjwa hurudi.

Hapa Mwadventista ana kitu mkononi mwake ambacho huenda hajakitambua. Kila Ijumaa ni Siku ya Maandalio. Chakula hupikwa, nguo hupigwa pasi, nyumba hufagiliwa. Mbu wa Aedes anahitaji kama juma moja ili amalize safari yake. Familia inayomwaga maji yote yaliyosimama kila Ijumaa, ikasugua kuta za mapipa kwa brashi ili kuondoa mayai, ikageuza vifuu na makopo kifudifudi, na kufunika maji ya kunywa, inamkata mbu njia kabla hajapata mbawa. Utaratibu wa juma aliouweka Mungu kwa ajili ya pumziko unatosha pia kuwa ulinzi kwa mtoto wa jirani.

Tafakari: Ni kitu gani kidogo ambacho ukikiongeza katika maandalio yako ya Ijumaa, kitawafaa wasioishika Sabato pamoja na wanaoishika?

JUMATANO
“Nani Aliyekosa?”

Soma Yohana 9:1–3 na Luka 13:1–5. Wanafunzi na makutano walikuwa wakitafuta nini walipokutana na mateso ya mtu mwingine? Yesu aliwaelekeza wapi?

Ugonjwa ukiingia mtaani, swali la kwanza mara nyingi si jinsi ya kumsaidia mgonjwa. Ni swali la kumtafuta mwenye kosa. Husemwa kwamba ni wale wa nyumba fulani, ni wageni kutoka bara, ni watu wa dini fulani, ni hukumu ya Mungu juu ya wasiomcha. Yesu alilikataa swali hilo mara mbili. Kwa kipofu alisema hakuna dhambi ya kutafutwa pale, bali kuna kazi ya Mungu ya kudhihirishwa. Kwa habari ya mnara wa Siloamu alisema waliokufa hawakuwa wabaya kuliko wengine, kisha akawageuzia wasikilizaji wito wa kutubu wao wenyewe.

Msomaji makini anaweza kuuliza kama mafundisho haya hayapingani na sheria ya shimo. Hayapingani. Sheria ya Musa ilimhoji mwenye shimo. Haikumhoji ng'ombe aliyetumbukia. Kuwajibika ni kuuliza, “Nimeacha nini wazi?” Kulaumu ni kumuuliza aliyekwisha kuanguka, “Ulifanya nini hata ukaanguka?” Swali la kwanza huokoa maisha. La pili huua.

Huua kwa namna hii. Familia inayoogopa kunyooshewa kidole huficha mgonjwa. Mtu mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza maji ya mwili kiasi cha kufa ndani ya saa chache, ilhali akitibiwa mapema karibu kila mtu hupona. Kila saa inayopotea kwa aibu ni saa iliyochukuliwa kutoka kwa mgonjwa. Jirani anayepaswa kuitwa kwanza hapaswi kuwa jirani anayeogopwa. Kila nyumba ijue kwamba mwenye kuharisha maji mfululizo anywe mara moja maji ya chumvi na sukari, yaani lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, huku akipelekwa kituo cha afya bila kusubiri asubuhi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Kuna haki nyingine inayoguswa hapa. Afrika yote, pamoja na watu wake wengi, hutoa chini ya asilimia 5 ya moshi unaoipasha dunia joto. Joto la bahari ya Mbweni halikutengenezwa Mbweni. Manabii hawakunyamaza walipoona maskini wakibeba mzigo wa wenye nguvu, na kanisa lililoenea duniani kote lina nafasi ya kulisema jambo hilo mbele ya ndugu wa nchi tajiri wanaosoma Biblia hiyo hiyo. Lakini mwenye haki ya kulalamika bado anao wajibu wa kufunika karo lake. Jirani wa upande wa chini hatapona kwa sababu kosa kubwa lilifanyika mbali.

Tafakari: Ugonjwa ukitokea katika familia moja ya kanisa au ya mtaa wako, ni maneno gani ya kwanza yanayosikika? Maneno hayo yanamleta mgonjwa karibu na msaada au yanamsukuma mbali?

ALHAMISI
Ishara na Mtumwa Mwaminifu

Soma Luka 21:11 na Mathayo 24:45, 46. Yesu alitaja magonjwa miongoni mwa ishara. Katika mahubiri hayo hayo, alitaka Bwana arudipo amkute mtumwa wake akifanya nini?

Waadventista wamezipenda sura hizi tangu mwanzo. Wanapoona mafuriko, joto na tauni, wanakumbuka kwamba Mwokozi alikwisha kusema. Kukumbuka huko ni kuzuri. Hatari iko katika hatua inayofuata. Mtu anaweza kusikia habari za kipindupindu, akatikisa kichwa, akasema, “Unabii unatimia,” kisha akaenda kulala, na karo lake likiwa wazi. Ishara imekuwa kwake sababu ya kutofanya kitu.

Yesu hakufundisha hivyo. Mtumwa aliyesifiwa hakusifiwa kwa kuhesabu saa ya kurudi kwa bwana wake. Alikutwa akiwapa watu wa nyumbani chakula kwa wakati wake. Mtumwa mwovu naye alijua kwamba bwana atarudi. Kosa lake ni kwamba alichukua kuchelewa kwa bwana kuwa ruhusa ya kuwaumiza wenzake. Anayeamini kweli kwamba Bwana yu karibu hawezi kuridhika akutwe ameacha shimo wazi mbele ya mlango wa jirani.

Soma Yeremia 29:7. Watu wa Mungu walikuwa wachache katika mji wenye imani nyingine. Waliagizwa kuutakia mji huo nini, na amani yao wenyewe ingetoka wapi?

Waadventista wa Unguja ni wachache kati ya majirani ambao karibu wote ni Waislamu. Majirani hao wanajua maana ya maji safi. Hutawadha kabla ya kila sala, na tohara ya mwili na mahali ni sehemu ya ibada yao. Katika jambo la maji, kanisa halianzi na watu wasiojua. Linaanza na watu wanaoweza kuelewana nao mara moja. Mfereji wa mvua haupimi ukuta wa kanisa wala ukuta wa msikiti. Ukizibuliwa mbele ya kanisa peke yake, umehamishia mafuriko kwa jirani.

Mwaka 2009 chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa katika maeneo kadhaa ya Unguja na Pemba. Waliopata dozi zote mbili walipata kinga ya asilimia 79. Jambo lililowagusa wengi ni hili: pale walipochanjwa watu wengi, hata wale ambao hawakuchanjwa waliugua kidogo kuliko sehemu nyingine. Kinga ya mmoja ilimfunika na jirani yake. Paulo angeliweza kuutumia mfano huo katika Wakorintho, alipofundisha kwamba kiungo kimoja kikiumia viungo vyote huumia nacho.

Kanisa linalotaka kutii Yeremia 29:7 katika mtaa kama Mbweni litaenda kwanza kwa sheha, si kwa kamera. Litauliza ni mifereji ipi huziba kila masika, ni visima vipi vilivyo karibu na makaro, ni wazee gani wanaoishi peke yao na hawana wa kuwachotea maji. Litafanya kazi pamoja na wahudumu wa afya wa shehia, siku ambayo majirani nao wanaweza kuja. Wala halitaitumia ndoo ya klorini kama chambo. Msaada utolewe kwa sababu mtu ni kiumbe cha Mungu, na anayeuliza sababu ya tumaini ajibiwe kwa upole wakati wake.

Tafakari: Ni lini mara ya mwisho kanisa lako mahalia lilifanya kazi moja na majirani wasio wa imani yake, kwa faida ya wote, bila kutarajia kitu?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Mwezi Juni 1863 huko Michigan, Marekani, Ellen G. White alipewa nuru kuhusu afya: maji safi, hewa safi, usafi wa mwili na nyumba, na kiasi katika kula na kunywa. Mwaka 1866 kanisa likafungua taasisi yake ya kwanza ya afya huko Battle Creek. Zilikuwa siku ambazo matabibu wengi bado walidhani kipindupindu huletwa na hewa mbaya. Robert Koch hakuwa bado amekitambua kijidudu chake, kazi aliyoifanya Misri na India mwaka 1883 na 1884. Wakati ujumbe huo wa afya ulipokuwa mchanga, watu wa Unguja walikuwa wakizikwa kwa maelfu kwa sababu ya maji.

Ujumbe wa afya haukutolewa uwe alama ya kuwatenga wanaokula vizuri na wanaokula vibaya. Ulitolewa uponye. Mahali ambapo joto na mvua vimeanza kupita kiasi kilichozoeleka, ujumbe huo unapanuka kutoka kwenye sahani hadi kwenye karo, kisima, mfereji na pipa. Yusufu alipewa miaka saba ya kujiandaa. Zanzibar, kwa hesabu ya watafiti, hupewa miezi minne kwa joto na miwili kwa mvua. Muda huo ni rehema, na kila rehema ina kazi yake ndani.

Soma Ufunuo 22:1, 2. Biblia inamalizia kwa mto wa maji safi kama bilauri, utokao katika kiti cha enzi, na mti ambao majani yake ni ya kuwaponya mataifa. Hakuna kisima kitakachomwogopesha mama huko. Anayeungoja mji ule anaanza leo kuupenda mji wake wa sasa, na kuuthibitisha upendo huo kwa koleo, brashi na kifuniko cha kisima.

Maswali ya Kujadili

1. Linganisha Kutoka 21:33, 34 na Mithali 22:3. Je, mtu anayeona hatari akajificha yeye peke yake, bila kumwonya jirani, ametii fungu hilo la Mithali? Toa sababu kutoka katika Biblia.

2. Mshiriki mmoja anasema, “Magonjwa lazima yaongezeke, Yesu amesema. Kusafisha mifereji ni kushindana na unabii.” Darasa lingemjibuje kwa upole, kwa kutumia Mathayo 24 yenyewe?

3. Karo la jirani linavuja kuelekea kisima cha familia nyingine, naye hana uwezo wa kulitengeneza. Sheria ya shimo inamdai nani? Kanisa linaingia wapi?

4. Kanisa lako lina fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu: kupaka rangi jengo, au kufunika visima viwili vya mtaa. Washiriki wamegawanyika. Jadilini mkiwa wazi, kila upande ukitoa fungu lake la Biblia.

5. Kabla ya mvua zijazo, pangeni kazi moja ambayo darasa litaifanya: nani ataonana na sheha, nani atawatembelea wazee, nani atafuatilia tangazo la hali ya hewa, na siku gani darasa litakutana kupeana taarifa. Andikeni majina na tarehe kabla ya kufunga kwa sala.